Umbo la -end katika Kiholanzi, na jinsi -ki- yetu inavyotupoteza

(Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaojifunza Kiholanzi, imepangwa upya kwa ajili ya kusomwa.)

Ndugu wasikilizaji,

Mswahili anayetaka kusema "alikuwa akisoma" kwa Kiholanzi ana kila sababu ya kusema *hij was lezend*. Anapanga vipande vyake kwa utaratibu: alikuwa ni *hij was*, akisoma ni *lezend*, basi kazi imekwisha. Mholanzi atamwelewa, ila yeye mwenyewe hasemi hivyo. Husema *hij was aan het lezen*, na kama msomaji alikuwa amekaa, *hij zat te lezen*. Aliyepitia Kiingereza kabla ya kufika Kiholanzi anateleza palepale, maana Kiingereza nacho huunda njeo zake kwa umbo la namna hii. Lugha mbili zinamsukuma upande mmoja, na upande huo ni wa makosa.

Kwa hiyo leo tuzungumzie umbo hili: *lopend, lachend, huilend, wachtend*, yaani akitembea, akicheka, akilia, akisubiri. Vitabu vya sarufi huliita *tegenwoordig deelwoord*, na vingine huliita *onvoltooid deelwoord*. Ni kitu kilekile, msihangaike. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: katika Kiholanzi umbo la -end ni kivumishi au kielezi. Linaeleza mtu au kitu kikoje, au tendo limefanyika kwa namna gani. Halijengi njeo.

Tuanze na kuliunda. Chukua kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi, pamoja na n yake ya mwisho, uongeze d. *Lopen* inakuwa *lopend*, *lachen* inakuwa *lachend*, *schrijven* inakuwa *schrijvend*, *lezen* inakuwa *lezend*. Vile vitenzi vifupi navyo vinafuata: *gaand, staand, slaand, ziend, doend*. *Zijn* hutoa *zijnde*, neno la mahesabu na sheria, kama katika *het bedrag, zijnde 200 euro*, yaani kiasi hicho, ambacho ni euro 200. Vitenzi vyenye kiambishi kinachotengana, vile vinavyowasumbua kwingine kote, hapa ni wapole: *opkomen* ni *opkomend*, *aankomen* ni *aankomend*. Hakitengani kitu wala hakichomekwi kitu katikati.

Pamoja na urahisi huo, makosa ya tahajia hayaishi, na yana sababu mbili. Ya kwanza ni kuanza na shina badala ya umbo la kamusi. Mwanafunzi amekariri *ik loop, ik schrijf, ik lees*, kisha anaandika *loopend, schrijfend, leesend*. Yote matatu ni makosa, kwa sababu shina lina tahajia yake, na umbo la -end halitoki kwenye shina. Sababu ya pili ni sikio. D ya mwisho wa neno katika Kiholanzi hutamkwa t, kwa hiyo mtu anasikia *lopent* na kuandika alichosikia. Dawa ni kuongeza e moyoni: sema *lopende*, na d itasikika wazi.

Hiyo e yenyewe ndiyo inayofuata. Umbo la -end likikaa mbele ya nomino, linafuata kanuni ileile ya vivumishi vingine. Linapata -e karibu kila mahali, isipokuwa mbele ya nomino ya *het* (kila nomino ya Kiholanzi hutanguliwa ama na *de* ama na *het*), ikiwa katika umoja, na bila *het, dit, dat* au neno la kumiliki kabla yake. *Het huilende kind*, lakini *een huilend kind*. *De slapende hond* na *een slapende hond*, zote kwa e, kwa kuwa *hond* ni neno la *de*. Atafutaye nyumba Uholanzi au Flanders, sehemu ya Ubelgiji inayosema Kiholanzi, ataiona kanuni hii kwenye tangazo moja: nyumba ileile inaitwa *een vrijstaand huis* kwenye kichwa cha habari na *deze vrijstaande woning* kwenye maelezo, maana yake nyumba iliyosimama peke yake bila kushikana na ya jirani. *Huis* ni ya *het*, *woning* ni ya *de*. Kibao cha barabarani kinachosema *doorgaand verkeer* hakina e kwa sababu *verkeer* ni ya *het*. Kwa sababu hiyohiyo huandikwa *stromend water* na *kokend water*.

Likitumika kama kielezi, halipati -e: *hij kwam lachend binnen*, aliingia akicheka. Zimebaki sentensi chache za zamani kama *al doende leert men*, yaani mtu hujifunza kwa kutenda, ambazo zina e ya kurithi. Zikaririni kama zilivyo na msizitumie kama kanuni.

Sasa maana. Umbo la -end lina mwenzake, lile la *ge-*, na kuchanganya mawili haya kunaleta aibu kuliko kosa lolote la tahajia. La -end ni la mtendaji, au la jambo ambalo bado linaendelea. La *ge-* ni la aliyetendwa, au la jambo lililokwisha. *Kokend water* ni maji yanayochemka sasa hivi, usiyaguse. *Gekookt water* ni maji yaliyochemshwa, huenda yamekwisha kupoa, unaweza kuyanywa. *Vallende bladeren* yako hewani, *gevallen bladeren* yako chini. *De aankomende trein* ndiyo kwanza inaingia kituoni, *de aangekomen trein* imeshasimama.

Mambo yanakuwa magumu kwenye vitenzi vya hisia. Anayesababisha hisia anachukua -end, na anayeipata anachukua umbo la pili, lile la *ge-*, hata pale *ge-* yenyewe isipoonekana, kama katika *vermoeid*. Safari ni *vermoeiend*, inachosha. Msafiri ni *vermoeid*, amechoka. Matokeo ni *teleurstellend*, mwombaji ni *teleurgesteld*. Hoja ni *overtuigend*, msikilizaji ni *overtuigd*. Mtu akisema *ik ben vermoeiend*, amewaambia watu kwamba yeye huwachosha wenzake. Baya zaidi ni *ik ben vervelend*. Msemaji alitaka kusema amechoshwa na kukaa bure, lakini amesema "mimi ni msumbufu". Alichotaka ni *ik verveel me*. Kabla ya kuweka -end baada ya *ik ben*, jiulizeni: je, mimi ndiye ninayewafanyia wengine hivyo?

Turudi kwenye -ki-, maana hapo ndipo kazi ilipo. Katika Kiswahili -ki- inabeba mizigo mingi, na Kiholanzi kinaigawa mizigo hiyo kwenye njia tofauti. Ni mmoja tu unaokwenda kwa -end bila wasiwasi.

Mzigo huo ni wa namna: matendo mawili, mtu mmoja, wakati mmoja. Alikwenda nyumbani kwa baiskeli akiimba: *zingend fietste ze naar huis*. Tazameni mpangilio. *Zingend* imekaa nafasi ya kwanza, basi kitenzi kimeshika nafasi ya pili na *ze* imerudi nyuma. Kusema *zingend ze fietste naar huis* ni kosa, na ni kosa linalofanywa sana, kwa sababu mwanafunzi anaona *zingend* kama kisentensi kidogo kilichojitenga kwa mkato. Kwa Kiholanzi *zingend* ni sehemu ya sentensi kama *gisteren* au *daarom*, nayo inahesabiwa.

Mzigo wa pili ni wa sharti na wa wakati ujao. Ukifika nyumbani, nipigie: *als je thuiskomt, bel me dan*. Hapa -end haina nafasi kabisa. Hata kwa matendo yaliyofuatana, moja kisha jingine, -end haifai, kwa sababu inadai yatendeke pamoja. "Nilipofika nyumbani nikapika" ni *toen ik thuiskwam, ging ik koken*. Anayeanza na *thuiskomend* amesema anapika huku akiingia mlangoni.

Wa tatu ni wa kuona na kusikia. Nilimwona akilia: *ik zag hem huilen*, kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi, bila d na bila *te*. Nilimsikia akiimba: *ik hoorde haar zingen*. Lakini "nilimkuta akilia" ni *ik trof hem huilend aan*, na hapo -end inarudi. Kiswahili hakitofautishi hali hizi mbili, kwetu zote ni akilia. Kiholanzi kinazitofautisha: baada ya *zien* na *horen* kinachoonwa au kusikiwa ni tendo lenyewe, na baada ya *aantreffen* kinachoelezwa ni hali aliyokutwa nayo mtu.

Wa nne ni ule tulioanza nao, alikuwa akisoma. Kwa tendo linaloendelea, Kiholanzi kina njia tatu na hakuna hata moja yenye -end. Ya kwanza ni njeo ya kawaida tu, *ik kook*, ambayo hutosha mara nyingi kuliko wanafunzi wanavyodhani. Ya pili ni *aan het*: *ik ben aan het koken*. Ikiwapo yambwa, inatangulia *aan het*: *ik ben de afwas aan het doen*, ninaosha vyombo. Kwa wakati uliopita ni *ik was aan het koken*, na kwa siku nzima iliyokwisha ni *ik ben de hele dag aan het koken geweest*. Ya tatu hutumia mkao wa mwili: *ze zit te lezen, hij ligt te slapen, we staan te wachten, hij loopt te bellen*. Mwafrika Mashariki huiona kama mapambo, lakini ndiyo lugha ya kila siku ya mitaani, na asiyeitumia husikika kama kitabu kinachojisomea. Ikiingia kwenye njeo timilifu, *te* inaondoka na vitenzi viwili vinakaa uchi: *ik heb een uur staan wachten*.

Na *ik ben lopend*? Sentensi hiyo ipo, na maana yake ni nyingine. Mtu akiuliza kama umekuja na baiskeli, ukijibu *nee, ik ben lopend*, umesema umekuja kwa miguu. Ni kielezi cha namna ya kusafiri.

Ipo pia njia nyembamba inayofanana na njeo, na haki ni kuitaja. Huundwa kwa *zijn* na -ende, kwa e, juu ya hali inayobadilika polepole: *hij is stervende*, yuko katika kufa, *zij is herstellende van een operatie*, anapata nafuu baada ya upasuaji. *Wat is er gaande?*, kuna nini hapa, ni ya jamii hiyo. Orodha yake ni fupi na haikui kwa matakwa ya mwanafunzi. *Ik ben kokende* haimo.

Kuna tofauti moja zaidi ambayo ni ya kimaumbile, nayo inahitaji kuangaliwa kwa karibu. Kiswahili kinasema ni nani anayetenda ndani ya neno lenyewe. *Nikitembea* ina ni-, *ukitembea* ina u-. Kwa hiyo tunaweza kusema "nikitembea kwenda kituoni, mvua ikaanza kunyesha", na hakuna atakayedhani mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea. *Lopend* haina ni- wala u-. Haina mtu kabisa, inamwazima mtendaji kutoka kwa kiima cha sentensi kuu. Sasa andikeni *lopend naar het station begon het te regenen*. Kiima ni *het*, ile mvua, nayo imetembea kwa miguu hadi kituoni. *Wandelend door het park beet een hond hem*: hapa mwenye matembezi ni mbwa. Walimu wa Kiholanzi huliita kosa hili *foutieve beknopte bijzin*, na hata Waholanzi wenyewe hulifanya, ila wao hawapimwi kwenye *Staatsexamen NT2*, mtihani wa serikali wa Kiholanzi kama lugha ya pili.

Kuna namna mbili za kulitengeneza. Ama unamrudisha mtu mwenyewe kwenye kiima, *lopend naar het station zag ik dat het begon te regenen*, ama unaacha -end na kufungua kishazi kamili: *toen ik naar het station liep, begon het te regenen*. Ya pili ndiyo salama. Kwa kweli ushauri wa jumla kwa ngazi ya B1, yaani ngazi ya kati ya kujua lugha, ambayo ndiyo ngazi kuu inayolengwa na sheria ya *inburgering*, ile ya wahamiaji kujifunza lugha na jamii, iliyoanza kutumika Uholanzi tarehe 1 Januari 2022, ni kuacha -end ndefu mwanzoni mwa sentensi na kutumia *toen, als, terwijl*. Neno moja la namna, kama *lachend* au *zwijgend*, halina hatari. Linapovuta mkia wa maneno nyuma yake ndipo linapoanza kuponyoka.

Kama vile -ki- inavyogawanyika, ndivyo ilivyo kwa -ye- ya urejeshi. Mtoto anayelia anaweza kuwa *het huilende kind* bila taabu. Lakini "mtu anayefanya kazi hospitalini" katika mazungumzo ni *iemand die in het ziekenhuis werkt*. Kusema *een in het ziekenhuis werkende man* si kosa la sarufi, ila mtu wa kawaida haongei hivyo sokoni.

Kuna maneno ya -end yaliyokwisha kukatika kamba na kitenzi chake, na haya yajifunzeni moja moja kama msamiati. *Voldoende* ni inatosha, na katika shule za Uholanzi, ambako alama hutolewa kuanzia 1 hadi 10, ni alama ya kufaulu; *onvoldoende* ni kinyume chake. *Gedurende drie maanden* ni kwa muda wa miezi mitatu. *Aanstaande maandag* ni Jumatatu hii inayokuja, na kwenye barua hufupishwa *a.s.* *Op staande voet ontslagen* ni kufukuzwa kazi papo hapo. Mbao dukani huuzwa kwa *strekkende meter*, urefu wa mita moja bila kujali upana. *Uitstekend* ina sura mbili na mkazo ndio hakimu: ukikaza *ste* ni bora sana, ukikaza *uit* ni kitu kinachotokeza nje, kama msumari.

Umbo hili pia hugeuka nomino, kama sisi tunavyosema "wanaosubiri". Piga simu ofisi yoyote kubwa na sauti itakuambia *er zijn nog drie wachtenden voor u*, kuna watu watatu mbele yako. Wingi wa watu huchukua n: *wachtenden, werkenden, overlevenden*. Kwenye fomu za serikali majina haya yamejaa: *werkzoekende* ni anayetafuta kazi, *alleenstaande* ni anayeishi bila mwenzi, *belanghebbende* ni mwenye maslahi katika shauri. Mwanafunzi anayeomba fedha za masomo huulizwa kama ni *thuiswonend* au *uitwonend*, anaishi kwa wazazi au nje, na jibu linaathiri kiasi atakachopata. *Ondergetekende*, aliyetia saini hapo chini, inafanana na hizi kwa -ende yake, lakini ni ya ukoo wa *ge-*.

Tumalizie na barua za ofisi, kwa kuwa hapo ndipo -end inapomzidi nguvu msomaji. Wakarani wa Uholanzi na Ubelgiji hupenda kujaza maneno kati ya *de* na nomino yake. *De bij u inwonende meerderjarige kinderen*. Msomaji wa Kiswahili amezoea nomino itangulie na maelezo yafuate, kwa hiyo anapofika *u* amekwisha kupotea: *de bij u* ni nini? Ukiona *de* au *het* inafuatwa na kihusishi kama *bij, op, in, uit*, usitafsiri. Ruka hadi upate nomino inayoweza kuwa mali ya hiyo *de*; hapa ni *kinderen*, watoto. Rudi nyuma hatua moja, *meerderjarige*, waliofikia umri wa utu uzima. Rudi tena, *inwonende*, wanaoishi ndani. Mwishoni soma kilichorukwa, *bij u*, kwako. Watoto wenye umri wa utu uzima wanaoishi kwako. Kwa mpangilio huohuo *de hieruit voortvloeiende kosten* ni gharama zinazotokana na hilo, na *een op 1 maart ingaand contract* ni mkataba unaoanza tarehe 1 Machi, bila e, kwa kuwa *contract* ni ya *het*.

Mkiwa nyinyi ndio waandishi, msiwaige. Andikeni *de kinderen die bij mij wonen*, na karani atawaelewa mara moja. Kitu kimoja tu cha kuazima kwake ni *bijgaand*, "pamoja na barua hii", na kumbukeni kitenzi nafasi ya pili: *bijgaand stuur ik u een kopie van mijn paspoort*.